Horihaundi: pipi kifua ambayo uchungu wake haukimbii moto

Pipi ya horihaundi ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiiweka mdomoni, cha kwanza kufika ni utamu wa sukari iliyoungua kidogo, unaofanana na ule wa kashata ya karanga iliyokaa jikoni dakika moja zaidi. Uchungu unakuja baadaye. Unaanzia nyuma ya ulimi, unapanda polepole, na pipi ikishaisha wenyewe bado upo. Watu wa majimbo ya kati ya Marekani na wa milima ya Appalachia wamekuwa wakiimung'unya kwa vizazi, hasa majira ya baridi, koo likiwasha au kikohozi kikigoma kuondoka.

Kwa maneno yetu hii ni pipi kifua. Lakini haifanani na pipi kifua tulizozoea madukani. Hizo nguvu zake ni mentholi na mafuta ya mkaratusi, vitu vinavyopanda puani na kuacha ubaridi. Horihaundi haipandi puani hata kidogo. Tofauti hiyo, ambayo mtu anaweza kuipita bila kuitazama, ndiyo inayoamua namna pipi hii inavyopikwa, na ndiyo inayowachanganya wanaosoma mapishi yake kwa mara ya kwanza. Kwa nini majani yanachemshwa, kisha chai yake inapikwa tena na sukari hadi nyuzi 150 za Selsiasi, ilhali pipi ya mnanaa mafuta yake hutiwa mwisho kabisa, sufuria ikishaepuliwa? Juu ya hilo kuna swali la pili: je, hii ni dawa au ni pipi tu?

Mmea wenyewe

Horihaundi ni Marrubium vulgare, kichaka kifupi cha ukoo wa mnanaa, kwa hiyo ni ndugu wa mrihani na kivumbasi. Undugu huo unaonekana kwenye shina: ukilizungusha katikati ya vidole unahisi pembe nne. Majani yamekunjamana na yamefunikwa na vinyweleo vyeupe, hata mmea mzima huonekana kama umepakwa majivu. Maua ni meupe, madogo, yamejikusanya kwa mviringo kuzunguka shina pale majani yanapotokea. Ua likishapita, kikombe chake hukauka na kubaki na meno 10 yaliyopinda kama ndoana, nayo hunasa kwenye sufu ya kondoo na kwenye nguo za wapita njia.

Asili yake ni Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi. Wagiriki wa kale waliuita prasion, na Waarabu wakalichukua jina hilo wakalitamka farasiyun. Walowezi wa Kizungu ndio waliouvusha bahari hadi Marekani na Australia. Australia umegeuka gugu linaloharibu malisho na sufu. Marekani ulipandwa kwenye bustani za nyumbani, ukatoroka, na leo unaota pembezoni mwa barabara na kwenye ardhi iliyochoka. Jumuiya ya kidini ya Shaker, iliyokuwa na biashara kubwa ya mimea ya dawa katika karne ya 19, iliulima na kuuuza, na pipi zake pia zilitoka mikononi mwao. Viwandani pipi hii haijafa: kampuni ya Claeys ya mji wa South Bend, jimbo la Indiana, iliyoanzishwa mwaka 1919, bado inaitengeneza kwa umbo la vidonge vilivyopakwa chembe za sukari.

Tahadhari moja kabla ya kwenda mbali. Kuna mmea mwingine unaoitwa horihaundi nyeusi, Ballota nigra, wenye maua ya zambarau na harufu mbaya mno majani yakisuguliwa. Si huo. Anayechuma porini asitazame umbo peke yake. Asugue jani, anuse, kisha atafute vinyweleo vyeupe. Anayenunua majani makavu asome jina la Kilatini kwenye pakiti, kwa sababu majina ya mitaani hukosewa kila siku.

Kwa nini uchungu hauondoki na mvuke

Ladha za mimea zimegawanyika makundi mawili, na mpishi wa pipi asipolijua hili atapoteza sukari nyingi. Kundi la kwanza ni mafuta yanayoruka: mentholi ya mnanaa, sineoli ya mkaratusi, yujenoli ya karafuu. Pua huyapata kwa sababu yanaruka. Na kwa kuwa yanaruka, maji yanapotoka kama mvuke huondoka nayo. Ukichemsha chai ya mnanaa mpaka ibaki shira ya nyuzi 150, jiko zima litanukia vizuri na pipi itabaki bila mnanaa. Ndiyo maana watengenezaji wa pipi za mnanaa au karafuu hutumia mafuta yaliyokamuliwa, matone machache, nao huyatia shira ikiwa imeshaepuliwa na imepoa kidogo.

Kundi la pili ni vitu vizito visivyoruka, navyo hukaa kwenye maji hadi tone la mwisho. Uchungu wa horihaundi ni wa kundi hili. Unatoka hasa kwenye kitu kinachoitwa marubiini, na mafuta yanayoruka ya mmea huu ni machache sana. Kwa hiyo mvuke unapotoka uchungu unabaki, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo unavyozidi kukolea. Pipi ya horihaundi haihitaji mtambo wa kukamulia mafuta wala chupa ya kiini kutoka dukani. Inahitaji majani, maji na chujio zuri, na kwa sababu hiyo iliweza kutengenezwa katika jiko la shamba la karne ya 19 kwa vifaa vilivyokuwepo.

Lakini kuna gharama yake. Kila kosa la kwenye chai nalo linakolea. Chai ikiwa chungu kupita kiasi hutaipunguza baadaye. Mashapo nayo yatakaa chini ya sufuria na kuungua kabla sukari haijafika.

Chai

Vipimo vifuatavyo vinatoa pipi za kilo 1 na gramu 120 hivi. Majani makavu ya horihaundi gramu 30, maji mililita 750. Chemsha maji, epua, tia majani, funika, acha dakika 20. Usiyachemshe majani kwa muda mrefu. Mchemsho mrefu huongeza ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi, na hutoa utomvu unaofanya shira itoe povu baadaye.

Kiasi gani cha uchungu kinatosha ni jambo la kubishaniwa tangu zamani. Kitabu cha upishi cha Fannie Farmer, kilichotoka Boston mwaka 1896, kinataka kipande kidogo cha horihaundi iliyoshindiliwa, kisichofika inchi moja ya mraba, kiloweshwe kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka kwa dakika moja tu, kisha kitiwe vikombe vitatu vya sukari. Hiyo ni pipi yenye kivuli cha horihaundi. Mapishi ya mashambani yalikuwa makali kuliko hapo. Gramu 30 tunazozitaja hapa zinasimama katikati, na kwa maoni yetu chini ya gramu 20 hakuna sababu ya kuhangaika na mmea huu, maana utapata pipi ya sukari iliyoungua yenye rangi ya kahawia.

Kuchuja ndiko kunakodharauliwa kuliko hatua zote. Vile vinyweleo vyeupe vya majani ni vyepesi na vyembamba, hupita kwenye chujio la chai kama hakuna kitu. Vikiingia kwenye pipi, vinakwaruza koo lile lile uliloliandalia dawa. Tumia kitambaa cha bafta kilichokunjwa mara mbili, kilichooshwa na kukamuliwa. Mimina chai, acha ishuke yenyewe, halafu kamua makapi kwa mkono bila kuyanyonga sana. Iache chai itulie saa moja au usiku mzima kwenye jagi, uone mashapo yanavyokaa chini kama tope laini la kijani. Mimina juu, tope liache. Utabaki na mililita 500 hadi 600, na zote zinaingia sufuriani.

Onja kijiko kimoja. Inapaswa kuwa chungu kiasi cha kukunja uso, kwa sababu itakutana na sukari karibu mara mbili ya uzito wake.

Shira

Aliyewahi kupika shira ya kaimati ana nusu ya elimu inayotakiwa hapa. Nusu ya pili ni kuendelea pale ambapo mpishi wa kaimati huepua.

Sukari nyeupe gramu 600, sukari ya kahawia gramu 300, shira ya glukosi gramu 250. Mapishi ya zamani yalitumia sukari ya kahawia tupu, na ladha yake ni nzuri kweli, ila uchafu uliomo huungua mapema na huongeza povu. Theluthi moja inatosha kutoa ladha bila kuleta balaa. Sukari guru usiitumie kama msingi: ina sukari iliyokwisha kuvunjika nyingi mno, na pipi itanata siku hiyo hiyo.

Shira ya glukosi ina kazi moja kubwa. Sukari ya kawaida ina tabia ya kutaka kurudi kuwa chenga. Chembe zake zikipata nafasi hujipanga tena, na shira iliyokuwa angavu kama kioo inageuka ghafla kuwa kitu cheupe kinachomung'unyika kama mchanga. Glukosi huingia katikati ya chembe hizo na kuzizuia zisishikane. Wapishi wa pwani wanaotia ndimu kwenye shira wanafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine: asidi huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi. Kama huna shira ya glukosi, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kwa sukari hiyo ya gramu 900 kinatosha, au nusu kijiko cha chai cha krimu ya tata (cream of tartar, unga mweupe wenye asidi). Usizidishe. Asidi nyingi huvunja sukari nyingi, fruktosi hunywa unyevu wa hewani, na pipi yako itageuka gundi.

Sufuria iwe nzito chini na iwe kubwa, lita 4 au zaidi. Chai ya majani si maji matupu. Ina utomvu na protini, na vitu hivyo huunda povu linalopanda haraka mno. Sufuria ya lita 2 itafurika na kuzima jiko. Kipande cha siagi chenye ukubwa wa punje ya hindi, kikitupwa wakati povu linapanda, hulivunja papo hapo.

Bandika kwenye moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke yote, halafu acha kukoroga. Chovya brashi kwenye maji ya moto, pitisha kwenye kuta za ndani za sufuria, ushushe kila chembe iliyorukia juu. Chembe moja kavu ikianguka ndani ya shira iliyokolea inatosha kuirudisha sufuria nzima kuwa chenga. Mwiko ulioukorogea mwanzoni usiurudishe ndani bila kuuosha, kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa kipimajoto kitakujaribu subira. Kati ya nyuzi 104 na 112 kitaonekana kama kimekufa, kwa sababu moto wote unatumika kutoa maji. Usiongeze moto. Maji yakishapungua, joto linaanza kupanda kwa kasi, na kuanzia nyuzi 140 linakimbia. Hapo punguza moto kabisa. Lengo ni nyuzi 150, ambapo maji yaliyobaki ni asilimia 1 au 2 tu. Chini ya 145 pipi itakuwa laini na itanata kwenye meno. Ikipita 157 au 158, sukari ya kahawia huanza kuungua, na uchungu wa kuungua ukichanganyika na uchungu wa mmea hauliki.

Kuna mtego mmoja unaohusu pipi hii peke yake. Kwenye shira nyeupe mpishi hutazama rangi: ikianza kuwa dhahabu anajua moto umefika. Hapa shira ni ya kahawia tangu mwanzo. Rangi haikuambii chochote. Wengi walioiunguza horihaundi walikuwa wapishi wazuri waliotegemea macho yao.

Jaribio la maji baridi ndilo msaada wa asiye na kipimajoto, na hata mwenye nacho afanye. Dondosha tone la shira kwenye kikombe cha maji baridi sana. Likitengeneza donge linalobonyea, bado mbali. Likinyooka kama uzi unaopinda kabla ya kukatika, linakaribia. Likigonga chini ya kikombe kwa sauti ya kokoto na likavunjika bila kupinda, limefika. Litie katikati ya meno: lipasuke, lisinate. Epua sufuria kila unapofanya jaribio, kwa sababu katika sekunde 30 za kusubiri tone lipoe shira iliyo motoni inaweza kuvuka mpaka.

Mwenye mizani anaweza kujihakikishia kwa njia nyingine. Pima sufuria ikiwa tupu. Shira ikiwa tayari, kilichomo ndani kitakuwa na uzito wa gramu 1,120 hadi 1,130. Kikizidi 1,150, maji bado yamo.

Wanaoishi nyanda za juu wasikariri nyuzi 150. Kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi 1 chini, na shira nayo hivyo hivyo. Nairobi, kwenye mita kama 1,700, lengo ni karibu nyuzi 144. Njia ya uhakika ni kuchemsha maji matupu kwanza na kusoma kipimajoto. Kikionyesha 95, punguza 5 kwenye lengo. Njia hii hufuta pia kosa la kipimajoto chenyewe, kwa hiyo hata aliye Tanga au Mombasa afanye.

Na bakuli la maji baridi liwe karibu muda wote. Shira ya nyuzi 150 ikidondoka kwenye ngozi haitiririki kama maji. Inang'ang'ania na kuendelea kuunguza. Watoto wasiwe jikoni.

Kumimina na kukata

Sinia la sentimita 30 kwa 30, lililosiribwa siagi au mafuta yasiyo na harufu, linapokea shira yote kwa kina cha milimita 8 hivi. Mimina kwa mkupuo mmoja. Usikwangue sufuria: kilichoganda kwenye kuta kina chembe, kikiingia kinaharibu kingine.

Sasa una dakika chache tu. Shira inakuwa kioo, na kioo hakikatiki, kinapasuka. Pembeni hupoa kwanza, katikati mwisho. Chukua kisu kirefu kilichopakwa mafuta, kibonyeze mstari kwenye pembe. Mstari ukijifuta wenyewe, ni mapema. Ukibaki, anza kazi, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Chora mistari kila sentimita 2 kwa urefu na kwa upana, bonyeza karibu hadi chini, kisha rudia mistari ile ile mara ya pili na ya tatu kadiri inavyopoa. Utapata vipande 225 vya gramu 5 kila kimoja. Ikipoa kabisa, vunja kwa mkono kufuata mistari. Ukichelewa na ikawa imeganda bila mistari, iache. Ipasue kwa mpini wa mchi, upate vipande visivyolingana ambavyo ladha yake ni ile ile.

Viwandani umbo la kidonge lilipatikana kwa kupitisha shira iliyopoa kiasi cha kushikika katikati ya roli mbili za shaba zilizochongwa vishimo. Nyumbani unaweza kujaza sinia sukari ya unga, ukabonyeza vishimo kwa kidole gumba na kumiminia humo.

Unyevu ndio adui anayebaki. Pipi ngumu iliyopikwa vizuri hunywa maji kutoka kwenye hewa yoyote yenye unyevu unaozidi takriban asilimia 30, na pwani yetu haijui hewa kavu namna hiyo hata kiangazi. Kwa hiyo usiziache zipumue mezani. Zikishapoa tu, zitikise kwenye mfuko wenye sukari ya unga au sukari chenga, zizuie kugusana, halafu zifunge moja moja kwa karatasi ya nta au zitie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Siku ya mvua za masika usipike kabisa. Kama imenata kidogo bado inaliwa. Kama imerudi chenga, iyeyushe kwa maji mililita 250, ongeza shira ya glukosi gramu 50, ipike upya: itakuwa nyeusi zaidi na chungu zaidi, ila itaokoka. Iliyoungua haiokoki.

Dawa au pipi

Mwaka 1989 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikamilisha kanuni za dawa za kutoa makohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Guaifenesini peke yake ndiyo iliyopita. Horihaundi ilikosa ushahidi wa kutosha. Watu wengi husoma habari hiyo wakadhani mmea ulipigwa marufuku kwa sumu. Hapana. Kilichokatazwa ni kuuuza kwa madai ya kutibu kikohozi. Kama kiungo cha ladha kwenye chakula, unaruhusiwa hadi leo, na ndiyo maana pipi zipo madukani bila neno kikohozi kwenye pakiti.

Ulaya waliutazama kwa jicho lingine. Tume ya Ujerumani inayotathmini mimea ya dawa iliukubali mwaka 1990 kwa kukosa hamu ya kula na kwa tumbo lisilosaga vizuri, kipimo gramu 4.5 za majani makavu kwa siku. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya nalo linautambua kwa kikohozi cha mafua, lakini kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi, si wa majaribio yaliyothibitisha.

Chukua kipimo hicho cha Kijerumani ukipeleke kwenye sinia letu. Gramu 30 za majani zimegawanyika kwenye vipande 225, kila kipande kina dondoo la gramu 0.13 hivi. Ili ufikishe gramu 4.5 unahitaji vipande 34. Hivyo ni karibu gramu 170 za sukari kwa siku, zaidi ya mara tatu ya gramu 50 ambazo Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu mzima kama kikomo. Anayeitaka horihaundi kama dawa anywe chai yake.

Je, basi pipi haifanyi kitu? Inafanya, ila kazi kubwa ni ya mate. Kumung'unya kitu kigumu kwa dakika nyingi huleta mate, mate hulainisha koo, na kumeza mara kwa mara hutuliza mwasho unaochokoza kikohozi. Pipi yoyote ngumu hufanya hivyo. Uchungu unaongeza kidogo, kwa sababu ulimi ukipata kitu kichungu huamrisha mate zaidi, na kwa sababu pipi chungu haimalizwi kwa pupa. Mtu huiacha ikae shavuni.

Wajawazito na wanaonyonyesha waiache, mmea huu umetumika tangu kale kuchochea hedhi. Mwenye kisukari anajua mwenyewe habari ya sukari. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe pipi ngumu ya aina yoyote, kwa hatari ya kukabwa. Na kikohozi kilichofika wiki mbili ni cha kupimwa kifua kikuu, hakingoji pipi.

Kama majani hayapatikani

Aliyeko Ulaya au Amerika ya Kaskazini atayapata kwenye maduka ya mimea bila shida. Aliyeko Dar es Salaam au Kisumu huenda akashawishika kutia majani mengine machungu. Asifanye hivyo kwa kubahatisha. Shubiri inaharisha. Mwarobaini si wa kumpa mtoto. Hata huko Ulaya si kila mmea wa kikohozi ulio salama: Tussilago farfara, ambao jina lake bado limo kwenye pipi za fimbo za mji wa Oswaldtwistle, Lancashire, una alkaloidi zinazodhuru ini.

Kinachofaa ni tangawizi, kwa sababu ukali wake nao hauruki kwa urahisi. Ukipashwa moto, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli ambayo ni kali zaidi, kwa hiyo pipi hutoka na makali kuliko chai iliyoingia. Gramu 150 za tangawizi mbichi iliyopondwa, maji mililita 750, chemsha dakika 15, chuja kwa bafta ile ile, iache itulie hadi wanga mweupe ukae chini, na wanga huo usiuache uingie sufuriani kwa sababu utaungua kabla ya nyuzi 120. Kuanzia hapo vipimo vya sukari na joto havibadiliki. Ukitaka karafuu pia, mafuta yake matone 3, shira ikishaepuliwa na povu likishatulia, koroga mara moja umimine.